Chupa za dawa ya oili kwa magari yanayotembea kidogo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie dawa za kuongeza kwenye oili ya injini, ambazo kila gereji ninayoingia hapa Dar es Salaam hunishawishi kuzinunua, ingawa gari langu limetembea kilomita 38,000 tu. Oili yenye kiwango cha ubora cha API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) kilichotajwa na mtengenezaji wa gari tayari ina viambato vya kusafisha injini na kuzuia vyuma visisagane, vilivyopimwa kwa uwiano ambao chupa ya ziada inaweza kuuvuruga.

Kinacholiumiza gari la namna hii ni safari fupi: injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, nao huchanganyika na oili. Mwezi uliopita nilifungua mfuniko nikakuta utando mweupe kama mtindi (maji ya rejeta hayakuwa yamepungua, kwa hiyo sikudhani ni hayo yaliyovujia kwenye oili). Fundi akaleta chupa; mimi nikamwomba aimwage oili ile, iliyokuwa na miezi 14, na kubadilisha chujio. Kitabu cha gari langu kinataka ibadilishwe kila miezi 6, hata kama kilomita hazijatimia.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam