Panga nalo ni pembejeo, likaguliwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila masika yakikaribia, magazeti yetu huandika sana habari za mbegu feki na viuatilifu visivyofaa, na ni haki yaandike. Ila habari ya panga sijaisoma popote. Huku kwetu Amani, wilayani Muheza, tunalima hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kwenye miteremko ambayo trekta halipandi. Kufyeka, kupogoa, kukata migomba iliyokwisha kuzaa, kusafisha mipaka: kazi zote hizo ni za panga.

Mwaka jana kijana mmoja wa kikundi chetu alinunua panga jipya mjini, mpini wa plastiki nyekundu, bapa linang'aa. Hata wiki haikuisha. Tukiwa tunafyeka, bapa likachomoka na kupita karibu kabisa na goti la mwenzake. Tulipoupasua ule mpini tukakuta chuma kimeingia ndani kiasi cha urefu wa kidole tu, na kimeshikwa na ribiti moja. Muuzaji alikataa kulipokea, akasema limeshatumika.

Kwa hiyo nawaomba wanunuzi wenzangu waanze kuangalia mpini kabla ya bapa. Chuma kifike hadi mwisho wa mpini, ukione kwa macho kikipita katikati ya vipande viwili vya mbao, na ribiti zisipungue tatu. Mpini uliofunika chuma chote hauoneshi kilichomo ndani. Mimi naliacha panga hilo dukani hata likiwa la bei ya kutupa. Mwisho wa mpini upinde kidogo kuelekea chini, maana mvua za Amani hazina msimu na mkono uliolowa huteleza.

Kisha nenda na tupa yako. Gusa makali mara moja tu, pale karibu na mpini. Tupa ikiteleza bila kuacha alama, chuma hicho kimefanywa kigumu kupita kiasi na kitamegeka kikikutana na fundo la mti. Ikila kwa wepesi na kumwaga unga, ujue utanoa asubuhi na kufika saa nne panga limeshakuwa butu. Kwa linalofaa utaisikia tupa ikishika, inakwaruza lakini kwa kubishana nayo. Halafu simamisha ncha juu ya ubao, ulikandamize taratibu lipinde kidogo. Ukiliachia linyooke lenyewe. Wenye maduka wengine hununa ukifanya hivi, lakini anayenunua redio huwashiwa aisikie kabla hajatoa hela. Kwa nini mwenye panga anyimwe?

Urefu hutegemea kazi. Kwa nyasi mbichi, inchi 20 au 22 na unene wa milimita 2 kunatosha, kwa sababu panga jembamba hupita bila kuchosha bega. Kwa matawi na miti midogo nataka inchi 16 au 18, mgongo wa milimita 3, na bapa lipanuke kuelekea mbele ili uzito uwe kule linakopiga. Kwenye mteremko panga refu hupiga udongo na mawe kila mara, ndiyo maana huku kwetu naona fupi ni bora. Vijana siku hizi huagiza mtandaoni visu vikubwa vya porini vyenye meno ya msumeno mgongoni. Mgongo wa namna hiyo huwezi kuupiga gogo unapopasua kuni, na meno yenyewe hayakati kitu.

Panga ninalolipenda kuliko yote nilitengenezewa na mhunzi, kutoka kwenye springi ya lori. Springi ni chuma cha kupinda na kurudi, na ndicho unachokitaka kwenye panga la kukatia miti. Nilikaa nikamtazama. Alilifua hadi likapata umbo, akaliwasha likawa jekundu, akalitumbukiza kwenye oili. Hapo lilikuwa gumu, lingeweza kuvunjika likidondoka kwenye saruji. Akalisugua likang'aa, akalirudisha juu ya makaa kwa subira, huku akitazama rangi: kwanza ikaja manjano, ikageuka kahawia, ikaanza kuwa buluu, naye akaliondoa papo hapo. Hatua hiyo ya pili ya moto ndiyo inayolipatia panga uvumilivu, na wahunzi wenye haraka huiruka. Ukienda kwa mhunzi, muulize kama ataifanya, na ukiweza kaa uione.

Tulikuwa na UFI pale Ubungo, tulikuwa na ZZK kule Mbeya, viwanda vya zana za kilimo vya nchi yetu wenyewe. Leo mkulima amebaki kubahatisha. Ombi langu kwa TBS, shirika la viwango, ni kwamba wanapokagua mapanga wapasue na mipini, wapime ugumu wa chuma, na wadai kila panga liandikwe limetengenezwa wapi na kwa chuma gani. SIDO nao, shirika la viwanda vidogo, wawafikie wahunzi wa vijijini na vifaa vya kupimia moto, badala ya kuwaacha wategemee macho peke yake. Na wenye maduka wakubali kupokea panga lililochomoka mpini, hata kama limefyeka siku mbili.

Mkulima wa viungo,
Amani, Muheza, Tanga