Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuufufua Mchezo wa Kete 144

Ndugu wanachama wa Unguja na Pemba,

Assalaamu alaykum. Hesabu mtasomewa na mshika fedha, na madarasa ya skuli ni zamu ya katibu. Mimi nasema juu ya kazi iliyokula sehemu kubwa ya mwaka: kuuandika upya, kwa kompyuta na simu za sasa, ule mchezo wa mahjong ya mtu mmoja, wa kuondoa kete mbili mbili zinazolingana. Chanzo chake ni programu ya Brodie Lockard ya mwaka 1981 kwenye PLATO, mfumo wa kompyuta wa kufundishia, Marekani. Mwaka 1986 kampuni ya Activision wakaitoa kwa jina la Shanghai. Wengi wetu tuliukuta baadaye sana, ndani ya Windows Vista.

Kamati iliamua mapema kwamba kanuni tunazichukua, lakini michoro na msimbo wa zamani hatuvigusi, kwa kuwa hivyo ndivyo hakimiliki inavyolinda. Wala picha zile zisingetufaa. Skrini ya DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, ya pikseli (nukta za picha) 320 kwa 200 ilivutwa kujaza kioo cha 4 kwa 3, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa ndefu kuliko upana wake. Ukizikuza sawasawa pande zote, kete zinakuwa bapa. Kipimo chake halisi ni mara 5 kwa upana na mara 6 kwa urefu, yaani 1600 kwa 1200, na skrini nyingi za leo zinaishia urefu wa 1080.

Taabu kubwa ilikuwa mpangilio wa kobe, yaani kete zilizopangwa tabaka juu ya tabaka kwa umbo la kobe. Tabaka la chini lina kete 87, kisha 36, 16, 4, na moja kileleni. Toleo letu la kwanza liliipa kila kete namba nzima ya safu na mstari, likaharibika hapo hapo: kete ya pembeni kushoto na mbili za kulia hukaa baina ya mstari wa 4 na wa 5, na ile ya kileleni hukalia nne kwa pamoja. Dawa ni kupima kwa nusu kete, kila kete ichukue vyumba 2 kwa 2. Kete ni huru ikiwa hakuna iliyoikalia hata robo, na upande wake mmoja, kushoto au kulia, uko wazi. Unapokagua upande, usitazame jirani wa mstari uleule tu. Tazama na aliyepanda nusu na aliyeshuka nusu. Jaribio la haraka: mchezo ukianza, gusa kete ya kwanza ya mstari wa 4. Ikikubali kuchaguliwa, msimbo una kosa.

La pili ni kugawa, yaani kuamua kete ipi ikae nafasi ipi. Ukichanganya kete 144 ovyo, baadhi ya migao haimaliziki hata acheze nani. Sisi tunakwenda kinyumenyume: tunachukua kobe mtupu, tunachagua nafasi mbili zilizo huru, tunazipa jozi moja, tunazihesabu zimeondoka, na kuendelea hadi jozi 72. Mara nyengine programu hunasa, kwa mfano zikibaki nafasi mbili tu na moja imekaa juu ya mwenzake. Hapo inaanza upya, na mchezaji hahisi kitu. Mgao wa namna hii una njia ya kutokea, lakini haumzuii mtu kujifungia. Kete nyingi zina nakala nne, na ukitoa jozi isiyofaa umekwisha.

Picha za kete tumechora 42, zikiwemo za makundi ya maua, pepo na misimu. Tungeweza kutumia alama za kete zilizomo katika Unicode, orodha ya kimataifa ya alama za maandishi ya kompyuta, tangu 2008, lakini simu nyingi huligeuza joka jekundu kuwa kijipicha cha rangi huku alama nyengine zikibaki nyeusi na nyeupe, na kompyuta kuukuu huonesha visanduku vitupu. Maua yetu ni asumini, kilua, mlangilangi na karafuu. (Karafuu ni tumba, si ua lililochanua, mabishano hayo yalimaliza kikao kizima.) Rasimu ya mwanzo iliweka kaskazi na kusi katika pepo na pia katika misimu. Ikaleta mkanganyiko, kwa sababu msimu hulingana na msimu wowote, ila upepo hulingana na mwenziwe tu. Sasa pepo ni kaskazi, kusi, matlai na umande; misimu ni kiangazi, masika, kipupwe na vuli.

Simu bado zinatusumbua. Kobe ana upana wa kete 15, kwa hiyo kioo cha simu chenye upana wa vipimo 360 kinaipa kila kete vipimo 24, na kidole kinahitaji kama 48. Ukiilaza simu, urefu ndio unaobana: mistari 8, kete 45. Tumefanya mguso wowote uende kwa kete huru iliyo karibu zaidi. Unasaidia, haujamaliza.

Umeme ukikatika mchezo haupotei, kwani kila hatua huhifadhiwa: namba ya mgao na orodha ya jozi zilizoondolewa, basi.

Majaribio yanaendelea. Atakayekuta kosa aandike namba ya mgao, aina ya simu au kompyuta, na alikuwa jozi ya ngapi. Ujumbe wa “umegoma” peke yake hatuwezi kuufanyia kazi.