Barua kwa wifi yangu anayehesabu siku kwenye simu

Wifi yangu,

Umeniruhusu niiandike barua hii wazi, bila majina, kwa kuwa tuliyoongea jikoni yanawahusu wengi. Sijaacha kuyawaza tangu nirudi Dar.

Siku ile tulikuwa tunamenya vitunguu vya pilau. Simu yako ikalia, ukaigeuza kifudifudi upesi, lakini nilishaona: ua la waridi, na maneno kwamba leo ni siku yako ya kushika mimba. Ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba huu ni mwezi wa nane unaifuata programu hiyo, na kila mwezi unaingia kwenye siku zako. Kisha ukasema, "Labda tatizo ni mimi, maana simu inasema siku ni hizi."

Wifi, simu haijui. Inajua tarehe ulizoingiza tu. Inajumlisha mizunguko yako iliyopita, inapata wastani, inakisia mwezi ujao. Mwenye mzunguko usioyumba inaweza kumfaa. Wewe ulinionyesha wako: siku 26, 34, 27, 25, 28. Wastani wake ni 28, basi ikakupangia yai kupevuka siku ya 14, mwezi baada ya mwezi.

Lakini yai huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Daktari Ogino wa Japani na Knaus wa Austria walilibaini hilo tangu miaka ya 1920: kutoka yai kupevuka hadi hedhi inayofuata ni takriban siku 14, na hapo hapabadiliki sana. Kinachorefuka na kufupika ni mwanzo wa mzunguko. Mwezi ule wa siku 34, yai lako lilipevuka karibu na siku ya 20. Mbegu za kiume zinaweza kuishi mwilini mwako hadi siku 5, ila yai lenyewe halipiti saa 24. Kwa hiyo siku zako zilikuwa kama ya 15 hadi ya 20. Simu ilikupa ya 9 hadi ya 14. Na ni mwezi huohuo uliosema kaka aliporudi safari siku zilikuwa "zimeshapita". Nilipopiga hesabu hiyo kwenye basi nilitokwa na machozi.

Tulipokuwa wasichana shuleni tuliambiwa hizo ni siku za hatari, tuziogope. Hakuna aliyerudi kutufundisha kuzitambua.

Usiifute programu, ifanye daftari. Iandikie unachokiona mwilini, uisome kama kumbukumbu. Angalia ute: siku nyingi huwa mzito au hauonekani kabisa, yai likikaribia kupevuka unakuwa angavu, unateleza, unavutika kama ute wa yai bichi la kuku. Ukiuona huo, simu iseme inavyotaka. Kuna pia vijiti vya kupima mkojo, famasi kubwa wanavyo. Vinaonyesha homoni iitwayo LH inapopanda, na yai hutoka kama siku moja au moja na nusu baadaye. Kupima joto kila asubuhi kunahitaji subira zaidi, kwa sababu joto hupanda yai likiwa limeshatoka, na ukishikwa na malaria namba zote zinaharibika. Ukichoka na hayo yote, kutaneni kila baada ya siku mbili tatu mwezi mzima, muishi kama mke na mume. Nimeona inavyokuumiza kuamriwa na kengele ya simu.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Programu hiyo haijawahi kumuuliza kaka yangu swali hata moja. Tarehe ni zako, hedhi ni yako, na mtoto asipopatikana mzigo wote unaangukia kwako, wakati karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto upande wa mwanamume nao unahusika, peke yake au pamoja na wa mke. Huku kwetu mwanamke huitwa mgumba kabla mtu yeyote hajapimwa. Mimi ni wifi yako, ninajua mawifi husemaje. Kwangu hutalisikia neno hilo.

Madaktari husema mwanamke akijaribu mwaka mzima bila mafanikio aende akapimwe, na akifika miaka 35, miezi 6 inatosha. Wewe una 36 na huu ni wa nane, tena mzunguko wako unayumba. Usisubiri mwezi mwingine. Watakupima homoni, tezi ya shingo, ovari na mirija. Wakati huohuo anza vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku. Hivyo havisubiri majibu.

Kaka nimeshaongea naye. Alinyamaza sana, nikadhani amekata simu. Halafu akauliza maabara inafunguliwa saa ngapi. Nimemwambia akae siku 2 hadi 7 bila tendo kabla ya kutoa mbegu zipimwe, kwa hiyo mtapanga wenyewe. Jumamosi nakuja Tanga, tutakwenda wote watatu, mimi nitakaa nje na mikoba yenu.

Mama nitaongea naye mimi.

Wifi yako