Usimtumie Lolo viatu

Mwanangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu humu ndani, hapa Marikina, Ufilipino, ni mimi na wewe tu tunaokisoma, na sitaki Lolo, babu yako, ayaone haya. Juzi usiku ulipokuwa ukipanga sanduku nilikusikia ukimwahidi babu yako kwamba mshahara wa kwanza wa Dubai utamnunulia viatu vya Kiitaliano. Akacheka, akavua kandambili, akatwaa utepe akajipima mguu mwenyewe, mzee aliyepima miguu ya watu maisha yake yote. Namba akakuandikia kwenye kipande cha kadibodi. Mwanangu, mtumie chochote utakacho. Viatu usimtumie.

Utasema mama ameanza. Ndiyo, Lolo mwenyewe kaitikia, tena kwa furaha, na hapo ndipo panaponiuma. Akishika kiatu cha nje hukikunja soli, hunusa gundi, halafu anakiita "stateside", yaani cha Marekani, kama walivyozoea wazee wa enzi za kambi za Wamarekani kule Clark na Subic, hata kama kimeshonwa Vietnam.

Ya karakana yake ya viatu siyarudii, umekulia chini ya ile meza. Ila moja hukuambiwa, nami nilisimuliwa na baba yako. Miaka ya tisini ushuru wa bidhaa za nje ulipopunguzwa, viatu vya China vikamwagika sokoni kwa bei isiyofikia hata bei ya ngozi aliyonunua Lolo. Hapo akaja mfanyabiashara mmoja na oda ya jozi mia mbili, kwa sharti kwamba ndani ya kila kiatu upigwe muhuri wa jina la Kiitaliano. Lolo akapiga. Vikauzwa Manila mara tatu ya bei aliyolipwa, na waliovinunua wakavisifu. Muhuri wenyewe bado upo droo ya chini, umeviringishwa kwenye gazeti. Nimeuona Jumanne nikitafuta betri za tochi. Sasa wewe unataka kumletea jina lilelile, safari hii kwa pesa yako ya kukesha wodini.

Shuleni mlifundishwa kwamba Marikina inashona viatu tangu 1887, na inasimuliwa kwamba Kapitan Moy alianza kwa kufumua buti zake za Uingereza ajue zilivyoungwa. Shule hiyohiyo ilikutoza peso moja kwa kila neno la Kitagalog, lugha ya hapa, lililokuponyoka darasani. Mwalimu wako akawaambia watu hapa wana kasumba: miaka 333 ya kutawaliwa na Mhispania, halafu 1898 visiwa vikauzwa kwa Marekani kwa dola milioni 20, kisha 1901 meli Thomas ikaja imejaa walimu wa Kimarekani. Sawa, sibishi. Lakini mwenye watoto wanne akienda sokoni hanunui historia, ananunua cha China kwa sababu ndicho pesa yake inachofika. Huyo simlaumu. Namlaumu mwenye uwezo, kama tulivyokuwa sisi.

Maana nilikusikia pia ukiwaambia wenzio viatu vya Lolo ni bakya. Bakya ndiyo mitalawanda ya kwetu Tanga, vile viatu vya mbao. Bibi yangu alivaa akienda kuoga, ukisikia ko-ko-ko uani unajua anatoka bafuni, na hakuna aliyewahi kulifanya jina lile tusi. Huku kitu kikidharauliwa ni bakya. Na watalii wanaokuja kutazama viatu vya Imelda Marcos, mke wa rais wa zamani, kwenye makumbusho ya viatu wanapita mlangoni petu na kamera zao. Sijaona aliyegeuza shingo.

Ila sikugombezi sana. Vile vyeusi vya mkanda alivyokushonea kwa ajili ya mahafali, mimi ndiye niliyemwambia vimekubana. Akaviweka kwenye kalibu, lile umbo la mguu la kushonea, usiku kucha vitanuke, asubuhi vilikuwa mlangoni vimepakwa rangi, nami nikasema bado. Ukavaa vile nilivyokopa duka kubwa la Cubao. Na sabuni ya mapapai ya kung'arisha ngozi bafuni, ulipokuwa na miaka minane, haikujileta. Nimeona umepakia vipande sita. Vitoe. Ngozi hiyo ni ya bibi yako Muheza, wala hakuna muuguzi aliyefukuzwa kwa weusi.

Baba yako anajisifu mtaa mzima kwamba bintiye anakwenda kufanya kazi hospitali kubwa. Mimi sijisifu, lakini cheti chako cha uuguzi ndicho nilichokitundika, picha ya harusi nikaihamishia chumbani.

Boksi ukituma, najua hupita bila ushuru mara tatu kwa mwaka ikiwa jumla ya thamani haizidi peso 150,000, lakini makopo ya nyama hatutaki. Ya shangazi yako wa California bado yamepangwa kwenye kabati la vioo kama vikombe vya ligi. Moja limevimba na Lola, bibi yako, hataki litupwe. Afadhali pesa ya bati. Jikoni panavuja, na mvua ikizidi sisi huku tunasikiliza king'ora cha mto. Tangu kimbunga Ondoy cha 2009 kilipozamisha mashine za Lolo, maji yakifika mita 16 yeye ndiye wa kwanza kupandisha godoro lake juu, na sanduku la kalibu. Za nini tena, simuulizi.

Kadi yako ya chanjo ipo mfuko wa mbele. Kipande cha kadibodi chenye namba ya mguu wake nimekitoa kwenye pochi, usikitafute.

Chini ya sare zako nimeweka vile vyeusi. Barua hii ipo ndani ya cha kulia. Siku hizi huenda vikakubana kweli, lakini vijaribu.

Mama