Macho kwanza, mkono baadaye: barua kwa Zuhura anayekwenda kusomea ATR

Dar es Salaam
9 Machi 2025

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi sana, mwenzangu. Natumai wewe na Mama hamjambo. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatuonea. Habari za kwamba umechaguliwa kwenda Toulouse, Ufaransa, kusomea ATR, ile ndege ya abiria yenye injini mbili za propela, nilizipata kwa kaka yako, nikamshukuru Mungu kwa sauti palepale dukani. Unastahili. Miaka yote uliyorusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kati ya Pemba, Mafia na Seronera haikwenda bure, na ukimkuta mtu anayekwambia ndege ndogo si shule, muulize kama amewahi kutua kwenye kiwanja cha vumbi saa nane mchana, upepo unazunguka na nyumbu wanaisogelea njia.

Uliniomba nikwambie usome nini kabla ya kuondoka. Vitabu utapewa hukohuko, tena vingi. Mimi nataka kukuandikia habari za leva, vile vishikio vya kusukuma na kuvuta vya chumba cha rubani, kwa sababu ndipo mahali ambapo rubani hodari wa Caravan huingia akiamini anapajua.

Kwenye Caravan una leva ya nguvu, ya propela, ya mafuta na ile ya dharura. Zote zinahusu injini moja, na mkono unaozishika ni wako. Kwenye ATR kati ya viti viwili utakuta leva mbili za nguvu, leva mbili za kondisheni, na kando yake leva ya flapsi, yale mapande ya nyuma ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua. Nusu ya kazi hiyo ataifanya mtu mwingine wewe ukiwa unatazama nje. Leva za kondisheni ndizo zitakazokuwa ngeni kwako, maana zimebeba kazi mbili ambazo kwenye Caravan zimetenganishwa: mafuta na mapanga ya propela. Ukizivuta hadi mwisho wa nyuma unafunga mafuta. Nafasi inayofuata ni fetha, pale makali ya mapanga yanapogeuzwa yaelekee upepo, yasivute wala yasizuie. Kisha iko auto, ambapo mfumo wenyewe hupanga mzunguko wa mapanga, kisha asilimia mia, mzunguko wote. Katika safari ya kawaida zinakaa auto tangu kabla ya kuruka mpaka mmetua, wala hakuna sababu ya kuzigusa. Na kitu kisichoguswa hewani ni rahisi kusahau kukitazama.

Sasa nikupeleke Nepal. Tarehe 15 Januari 2023, ATR 72 ya Yeti Airlines ilitoka Kathmandu kwenda Pokhara, kwenye uwanja mpya uliokuwa umefunguliwa wiki mbili tu kabla. Kapteni aliyekuwa anarusha alikuwa akizoeshwa uwanja ule, na kando yake alikaa kapteni mkufunzi. Walipokaribia kutua, anayerusha aliomba flapsi 30, yaani nyuzi 30. Mkufunzi akajibu kwamba flapsi ni 30. Lakini flapsi hazikusogea. Kilichosogea ni leva zote mbili za kondisheni, zikaenda fetha. Kinasa taarifa kinaonyesha mzunguko wa mapanga ukiporomoka chini ya asilimia 25 na nguvu ya injini kwenye geji ikishuka hadi sifuri, pande zote mbili kwa pamoja. Injini zenyewe zilikuwa zinawaka vizuri kabisa! Baadaye kidogo flapsi zikawekwa 30 kweli, ndege ikazidi kuelemewa. Anayerusha akasema hakuna nguvu kutoka kwenye injini, akarudia. Wakasukuma leva za nguvu mpaka mbele, lakini panga lililofethiwa halivuti hata ukiipa injini mafuta yote ya dunia. Ndege ikapoteza uwezo wa kuelea ikiwa kwenye kona, ikaanguka bondeni. Walikuwemo watu 72, na hakubaki hata mmoja.

Nimesoma ripoti ya tume ya Nepal zaidi ya mara moja, na kila mara nakwama mahali palepale. Si pale mkono ulipokosea. Mkono hukosea. Sheria za utengenezaji wa ndege zinataka kishikio cha flapsi kiwe na umbo la bawa, ili vidole vikitambue bila kutazamwa, na bado mkono wa mtu mzoefu ulishika kitu kingine. Ninakwama kwenye lile jibu la "flapsi 30". Jibu lilitolewa kabla ya macho kwenda kwenye kionyeshi cha flapsi. Laiti macho yangekwenda, sindano ingewaambia kwamba flapsi hazikusogea, na dawa ilikuwa kwenye leva zilezile, sentimita chache tu kutoka pale. Tume ilitaja pia mzigo wa kazi katika uwanja mgeni uliozungukwa na milima, na dalili nyingi zilizokuwepo ambazo hawakuziona. Hayo yote ni kweli. Lakini mimi na wewe hatuwezi kuihamisha milima. Tunaloweza ni kukataa kusema neno kabla hatujaona.

Kwa hiyo nakuomba uanze hivi tangu siku ya kwanza ya simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege, hata kama mkufunzi ana haraka. Ukiombwa flapsi, tazama leva kabla ya kuishika. Itaje. Isogeze. Kisha hamisha macho uende kwenye kionyeshi, ukae hapo mpaka kifike, ndipo useme imefika. Ukisema mapema unampa mwenzako habari ya uongo, naye ataendelea kurusha ndege ambayo haipo.

La pili ni injini kuzimika. Kwenye Caravan injini ikizimika hakuna swali ni ipi. Hapa swali hilo ndilo linaloua. Tarehe 4 Februari 2015 huko Taipei, ATR 72-600 ya TransAsia ilikuwa imetoka tu kuruka uwanja wa Songshan pale panga la injini namba mbili lilipojifetha lenyewe, kwa sababu ya solda iliyopasuka kwenye kifaa cha kufetha. Mfumo ulikuwa umefanya kazi yake: umeondoa mzigo upande ule na kuiongezea nguvu injini namba moja. Ndege ingeweza kabisa kuzunguka na kurudi. Kapteni akasema anavuta leva ya injini namba moja. Mwenzake akamwambia asubiri, wahakikishe kwanza. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kuondoka. Leva ya injini iliyokuwa nzima ikarudishwa nyuma, kisha injini ikazimwa. Walipogundua na kujaribu kuiwasha tena, hawakuwa na urefu wa kutosha chini yao. Bawa liligonga daraja la barabara na teksi iliyokuwa inapita, ndege ikaingia mto Keelung. Kati ya watu 58 walikufa 43.

Zuhura, mwenzake alisema. Hilo ndilo linaloniuma. Utaratibu ulikuwepo, mtu wa kuutamka alikuwepo, na sentensi yenyewe ilitamkwa. Ila uhakiki unaokuja baada ya mkono hausaidii kitu.

Namna tunavyofanya sisi ni hii, na nadhani utafundishwa karibu vivyo hivyo. Kwanza kabisa, rusha ndege. Mwelekeo, mwendo, magurudumu juu. Chini ya futi 400 hatuanzi kupekua leva, maana panga linajifetha lenyewe na injini ya pili inajiongezea nguvu bila kuomba ruhusa yako. Ukishatulia, tafuta upande kwa miguu: guu linalokanyaga kwa nguvu liko upande wa injini nzima, guu lililolegea liko upande wa iliyokufa. Halafu tazama geji zikubaliane na miguu. Ndipo mkono uende kwenye leva, na usimame hapo. Taja: "Leva ya nguvu, namba mbili." Mwenzako atazame mkono wako, asikutazame usoni, alinganishe na geji, ajibu. Hapo sasa vuta, polepole. Ukivuta kidogo na ndege ikapinda au mlio ukabadilika, umeshika inayoishi, rudisha. Leva ya kondisheni nayo vivyo hivyo, upya kabisa, kwa kutaja na kujibiwa upya. Kukubaliana juu ya ya kwanza si ruhusa ya kuvuta ya pili.

Watakwambia hilo linachukua muda. Linachukua sekunde chache. Sijaona ripoti ya ajali ya ATR ambayo watu walikufa kwa sababu walitaja leva taratibu mno.

La tatu nalileta mwisho, lakini kwako wewe ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa kuwa linahusu mazoea ya viwanja vifupi. Unajua jinsi baadhi ya wenzetu wanavyofanya: Caravan bado iko hewani, njia ni fupi, mkono tayari umeinua leva ya nguvu juu ya kizuizi, ili beta, ile hali ya mapanga kulala bapa yakazuia mwendo, iwe imeshaanza magurudumu yanapogusa. Kitabu cha Caravan chenyewe kinakataza. Kwenye ndege kubwa katazo hilo limeandikwa kwa maisha ya watu.

Sailensa ya angani, yaani nguvu ndogo kabisa ya injini hewani, ndio mwisho wa chini ambao leva inaruhusiwa kufika ndege ikiwa hewani. Chini ya hapo ni eneo la ardhini. Ukivuka, gavana, kifaa cha kudhibiti mzunguko, haliongozi tena panga. Panga linalala bapa likaukabili upepo kama sinia, na upepo wa mwendo wa ndege unaanza kulizungusha panga badala ya injini. Mzunguko unapita kiwango, mzigo wa hewa unakuwa mkubwa ghafla, na pande mbili zisipolingana ndege inageuka kabla hujaelewa kinachoendelea.

Tarehe 13 Oktoba 2011 huko Papua New Guinea, Dash 8, nayo ndege ya abiria ya propela mbili, iliyotoka Lae ilikuwa inashuka kwa kasi kuelekea Madang. Leva za nguvu zikavutwa nyuma zikapita kizuizi cha sailensa. Mapanga yote mawili yalizidi kiwango chake cha mzunguko kwa zaidi ya asilimia 60, na ndege ikabaki bila nguvu upande wowote. Walitua msituni kwa lazima. Kati ya watu 32 walipona wanne tu. Kuna kifaa kinachozuia beta hewani hata rubani akivuta, na Marekani ilikuwa imekwisha kukilazimisha kwa Dash 8 miaka mingi kabla ya hapo. Baada ya Madang ndipo Kanada, ilikotengenezwa ndege hiyo, ilipokilazimisha kwa zote za aina hiyo. Miaka mingi, Zuhura, na dawa iko kabatini.

Fokker 50, nazo za propela mbili, zina ajali mbili za namna hiyo: ya Luxair huko Luxembourg tarehe 6 Novemba 2002, waliokufa 20 kati ya 22, na ya Kish Air pale Sharjah, jirani na Dubai, tarehe 10 Februari 2004, waliokufa 43 kati ya 46. Zote mbili leva zilikwenda eneo la ardhini kabla ndege haijafika ardhini. Ile ya Luxembourg ilikuwa na kizuizi cha pili cha umeme kilichotakiwa kuwalinda, lakini kwa muda mfupi baada ya magurudumu kushushwa kiliweza kujifungua chenyewe. Nakwambia hili usije ukaweka imani yako kwenye kifaa. Kizuizi kipo kwa ajili ya siku mkono umeteleza. Hakikuwekwa ili mtu aegemee.

Utakutana na mtu atakayekwambia Pilatus Porter, ndege ndogo ya injini moja, hushuka kwa beta hewani na hakuna kinachotokea. Ni kweli, Porter imeidhinishwa hivyo. Mwambie unarusha ATR, kisha badilisheni mazungumzo.

Kwa hiyo ukiwa na mwendo mkubwa au uko juu mno unapokaribia njia, usitafute jibu kwenye leva nyuma ya kizuizi. Zunguka tena. Mwambie nahodha wako waziwazi, hata kama ana mvi na wewe umevaa mistari miwili mipya begani. Na mkono wako usiguse vile vishikio vya kuinulia leva mpaka magurudumu yote yako chini na mmehakikisha. Hili ndilo ningependa ulifanyie mazoezi kuliko yote, kwa sababu halifundishwi kama jambo la dharura, linapita kama tabia.

Kwenye simuleta muombe mkufunzi akupe injini kuzimika baada ya kuruka mara mbili mfululizo, upande tofauti, bila kukwambia upande gani. Na muombe akuonyeshe leva za kondisheni zikiwa fetha zote mbili, uone sura ya geji siku hiyo inavyokuwa: mapanga chini, nguvu sifuri, injini zinaunguruma. Ukishaiona mara moja utaitambua. Na uwe macho na ile hali ya injini namba mbili kuwaka ardhini panga likiwa limefungwa breki. Ni jambo zuri kwa umeme na hewa ya abiria, ila hapo ndipo utakapozoea kuona leva ya kondisheni kwenye fetha kama kitu cha kawaida. Iwe kawaida ardhini tu.

Koti zito chukua, Machi ya huko si ya kwetu. Ukimaliza wiki ya kwanza niandikie, uniambie kampuni yako inatumia maneno gani katika kutaja na kujibu, tulinganishe na ya kwetu. Kama kuna mahali wanaruhusu mtu mmoja avute peke yake, nitataka kujua ni wapi na kwa nini.

Msalimie Mama sana. Mwambie binti yake anakwenda kwa haki.

Akupendaye,
Mwanahawa