Kabla ya kitunguu, ulizeni alikuwa anafanya nini

Ndugu Mhariri,

Tulikuwa msibani hapa Tabora, mtaa wa Isevya, wifi yangu alipoanguka. Alikuwa mkekani na kina mama wenzake tangu alfajiri, miguu kaikunja, analia kidogo, anapumzika, analia tena. Kwenye saa saba mchana akaitwa jikoni, akainuka kwa haraka. Hatua mbili tu, mkono ukapapasa hewani kama anayetafuta ukuta, akaenda chini. Kitenge kikamfunika uso.

Kilichofuata wasomaji wako wanakijua. Watu wakamzunguka hadi sikumwona tena. Mmoja akamwagia maji ya ndoo, mwingine akampasulia kitunguu puani, wa tatu akamshika makwapani ili amkalishe, na mzee mmoja akasema kutoka nyuma kwamba hiyo si bure, marehemu anamwita. Nimekuwa muuguzi zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, lakini siku ile ilinibidi nipige kelele kama mnadi samaki ndipo nikapata njia. Nikamlaza chali, miguu nikaiweka juu ya kigoda, nikalegeza kanga aliyokuwa amejikaza nayo kiunoni. Haikufika dakika akafumbua macho na kuuliza nani kamlowesha.

Hapo wote wakatawanyika. Keshaamka, yamekwisha. Na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtu akizimia tunaulizana nani kamfanyia, akiamka hatuulizi chochote. Tabibu atakayempokea anahitaji jibu la swali jepesi: alikuwa anafanya nini pale alipoanguka? Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki vizuri. Jibu analo aliyekuwa karibu naye, na huyo keshaondoka na kitunguu chake.

Kuzimia kwa kawaida ni ubongo kupungukiwa damu kwa sekunde chache. Mtu akilala chini, kichwa kinakuwa sawa na moyo, damu inafika, anazinduka. Ndiyo maana kumkalisha haraka ni kumrudisha alikotoka.

Kama alikuwa amesimama muda mrefu juani, au ameona damu, amechomwa sindano, amepokea habari nzito, huenda ni ule mzimio wa kawaida. Mapigo ya moyo yanapungua ghafla, mishipa inalegea, damu inajaa miguuni. Huwa kuna dalili kwanza: jasho jembamba, kichefuchefu, masikio kuvuma, macho kuingia giza. Anayezihisi alale au achuchumae kabla ardhi haijamfuata. Shuleni kwetu wasichana wakianguka mstarini asubuhi, neno la kwanza ni mashetani. Sitaki ugomvi na anayeyaamini. Naomba tu kabla hajaitwa wa kuyatoa, mtoto aulizwe kama jana alikula na kama leo amekunywa hata uji, na kama hedhi yake humtoa damu nyingi apimwe wingi wa damu.

Jibu likiwa "alikuwa anakimbia", mambo yanabadilika kabisa. Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, dakika ya 72, bila kuguswa na mtu. Alikuwa na miaka 28, na hakupona. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kawaida. Kijana anayezimia katikati ya mbio asirudi uwanjani siku hiyo hata akisimama mwenyewe anacheka. Apelekwe hospitali apimwe umeme wa moyo, kipimo cha dakika chache kisichouma. Vivyo hivyo aliyezimia amekaa au amelala, aliyeanguka bila dalili yoyote ya kumtahadharisha, aliyesikia moyo ukienda mbio au kifua kikibana, na yule ambaye kwao kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana. Hao hawasubiri Jumatatu.

Wala hasubiri mwanamke aliyepitiliza siku zake, tumbo la chini linamuuma, kisha anazimia. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka, damu inamwagika ndani bila kuonekana nje hata tone. Nimewahi kumpokea mmoja aliyekuwa amenyweshwa dawa za minyoo siku mbili nzima. Namshukuru Mungu aliwahi.

Yapo pia majibu ya hukuhuku kwetu. Msimu wa kuchuma tumbaku, Urambo, Kaliua na Sikonge, watu wanaingia shambani majani bado yana umande au mvua. Nikotini inayeyuka kwenye yale maji na kupenya ngozini, nguo ikilowa ndiyo kabisa. Jioni mtu anatapika, kichwa kinamzunguka, miguu haina nguvu, wengine wanaanguka. Nyumbani wanasema malaria na kumeza dawa mseto. Sikatai, mkoa wetu na jirani zetu wa Kigoma tuko katika ile yenye malaria nyingi nchini, na mwenye homa anayepoteza fahamu lazima akimbizwe hospitali. Ila mchuma tumbaku aseme kwamba ametoka shambani, asiache tabibu akisie. Avue nguo zilizolowa, aoge kwa sabuni, na kesho yake angoje umande ukauke. Kama siku hiyo palipuliziwa dawa ya wadudu, aitaje na akiweza aende na chupa yake.

La pili ni jiko la mkaa. Usiku wa mvua mtu analiingiza chumbani kwa ajili ya mzazi na kichanga, anafunga dirisha, anaziba na uwazi wa chini ya mlango. Ile gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu. Watu wawili wa chumba kimoja wakiamka na kichwa kizito kisha wakazimia kwa pamoja, msitafute mchawi. Watoeni nje kwanza, kisha hospitali, hata kama hewa safi imewazindua.

Kuhusu kifafa nitasema kidogo tu, kwa sababu ya vijiko. Anayezimia kawaida anaweza kurushwarushwa mikono kwa sekunde chache, hiyo peke yake si kifafa. Aliyetetemeka kwa muda mrefu, akajing'ata ulimi, kisha akabaki amechanganyikiwa, huyo huenda ni kifafa na apelekwe achunguzwe. Kwa vyovyote kijiko kisiingie kinywani. Kinavunja meno. Mlazeni ubavu. Na mwenye kisukari akianza kutetemeka na kutoka jasho apewe soda au maji ya sukari wakati bado anameza mwenyewe. Akishapoteza fahamu asinyweshwe kitu, ni gari tu. Kadhalika asiyezinduka ndani ya dakika moja au mbili, aliyepinda mdomo au kulegea upande mmoja, aliyegonga kichwa. Asiyepumua abanwe kifua katikati, kwa nguvu na haraka, wakati wengine wanatafuta usafiri.

Nirudi kwa wifi. Jioni ile nilimkalisha pembeni.

"Wifi, leo umekunywa maji?"

"Maji ya nini, wifi, na mtu kalala ndani?"

"Na dawa?"

"Za presha nilimeza alfajiri. Zote mbili."

Ya pili ilikuwa ngeni kwangu, ile ya kukojosha, aliyoongezewa wiki mbili nyuma. Yaani mama wa miaka sitini na mitano, tumbo tupu, machozi tangu usiku, jua la Oktoba, na kidonge kinachomtoa maji, halafu anainuka kwa mkupuo. Hata mti ungeyumba.

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Alipimwa presha amelala, 142 kwa 84. Akasimama, baada ya dakika mbili ikawa 112 kwa 70. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi mtu anaposimama, hapo ndipo kizunguzungu kinapotoka. Daktari akarekebisha dozi. Nasisitiza ni daktari, maana wifi mwenyewe alikuwa tayari kuvitupa vidonge vyote chooni, na presha ingempanda kimyakimya.

Pale alipoongezewa kidonge hakuna aliyempima amesimama, wala kumwambia atarajie nini. Sitaji kituo, kwa kuwa nimefanya kazi kwenye vituo vya namna hiyo na ninajua foleni ya asubuhi ilivyo. Lakini mashine ni ileile na mkono ni uleule. Ninachowaomba wenzangu walioko kazini ni dakika mbili za ziada kwa kila mzee anayebadilishiwa dawa ya presha.

Wifi sasa anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, anachezesha vidole vya miguu, ndipo anainuka. Kitunguu bado anatembea nacho kwenye mkoba. Sijamkataza.

Muuguzi mstaafu,
Isevya, Tabora