Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa FCC kuhusu redio za miji midogo

Kwa Bw. Kevin Martin,
Mwenyekiti, Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC),
Washington.

Desemba 2006

YAH: STESHENI 448 ZA CLEAR CHANNEL

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mwezi uliopita Clear Channel, kampuni kubwa ya redio, ilitangaza kwamba inanunuliwa na kampuni za uwekezaji za Bain Capital na Thomas H. Lee Partners, na kwamba itauza stesheni 448 za redio zilizo nje ya masoko 100 makubwa ya nchi hii. Yaani redio za miji midogo. Huko ndiko tunakoishi baadhi yetu tunaozungumza Kiswahili.

Leseni haihamii kwa mmiliki mpya bila idhini ya Tume yako, na sheria inaitaka Tume ijiridhishe kwanza kwamba umma utanufaika. Nakusihi uisimamie sheria hiyo kwa dhati.

Habari ya Minot, North Dakota, unaijua. Januari 18, 2002, saa saba na nusu usiku imeshapita, treni ya mizigo iliacha reli pembeni mwa mji, matangi ya amonia yakapasuka, na wingu la sumu likatanda juu ya nyumba za watu katikati ya baridi kali. Mtu mmoja alifariki, mamia waliumia. Stesheni zote 6 za kibiashara za mji huo zilikuwa mikononi mwa Clear Channel. Polisi walisema walipiga simu redioni wasimpate mtu. Kampuni ikajibu kuwa kosa lilikuwa kwenye mtambo wa polisi wa kurusha tahadhari moja kwa moja redioni. Hata tukiukubali utetezi huo, kwa nini roho za watu zitegemee mtambo, na si mtangazaji aliye macho studio?

Chanzo ni sheria ya mawasiliano ya 1996, iliyoondoa kikomo cha stesheni ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Kabla yake kampuni moja haikuruhusiwa kuzidi stesheni 40 nchi nzima. Baada yake Clear Channel ikavuka 1,000. Siku hizi sauti inayotuamkia asubuhi mara nyingi imerekodiwa mji mwingine kabisa, na mwenye sauti hajui kama kwetu kumenyesha. Sisi tumelelewa na redio iliyosoma matangazo ya vifo, mtu wa Dar es Salaam akajua msiba wa Sumbawanga na kuwahi mazishi. Kwetu redio bila watu wa mahali ni pungufu.

Wanunuzi wanaokuja na mikopo mikubwa wananitia hofu zaidi, maana deni hulipwa kwanza kwa kupunguza wafanyakazi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, usikubali stesheni za mji mmoja ziende zote kwa mnunuzi mmoja. Kila mwombaji aeleze kwa maandishi nani atakuwa studio usiku na simu ipi polisi watapiga. Na vikao vya Tume yako vya kusikiliza wananchi visiishie Los Angeles na Nashville. Vifike Minot, jioni, watu wakiwa wametoka kazini.

Wako,
Msikilizaji wa redio